Dawa imemzimia mume wangu utamu wa kimpumu, naogopa itamzimia na wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko maana niliishia darasa la saba na hii barua naiandika mtoto akiwa mgongoni ananivuta kilemba, lakini nimesema leo lazima niandike kwa sababu nina jambo kubwa moyoni ambalo nikimwambia jirani atacheka na nikimwambia mama mkwe atasema nimerukwa na akili.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Conjesta, bado ananyonya, kwetu ni Igamba ila nimeolewa huku Tunduma, na mume wangu Amoni ni fundi wa matairi, anaziba pancha za malori yanayopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, na mimi hapa nyumbani napika kimpumu, na kama wewe si wa huku nikueleze kwamba ni pombe yetu ya ulezi, unaiweka kwenye chungu unamimina maji ya moto, watu wanakaa kukizunguka kila mmoja na mrija wake, na maji yakipungua unaongeza mengine ya moto mpaka ulezi uishe nguvu. Kimpumu changu kina sifa, hata madereva wa Zambia wakipita wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, wanasema ya kwangu hailingani na ya mtu. Lakini mimi mwenyewe si mnywaji, mtu yeyote atakwambia. Naonja tu kama desturi inavyotaka, maana mpishi ndiye anayevuta mrija wa kwanza mbele ya wateja ili waone hakuna sumu, na kila maji ya moto yakiongezwa wananiambia Mama Conjesta vuta tuone, navuta mpaka waone koo langu limecheza, ndipo na wao wanaanza. Chungu ambacho mpishi hakukionja huku kwetu hakinywewi.

Sasa mnywaji alikuwa Amoni. Sitaki kumsema vibaya kwa sababu hajawahi kuninyanyulia mkono, alikuwa akilewa anaimba na kumbeba mtoto na kusema tutajenga, tutajenga, halafu anaanguka na suruali yake ya kazi, na ilifika mahali akawa anafunga lori tairi bila kukaza nati vizuri, dereva mmoja akarudi anatetemeka akasema wewe fundi ulitaka kuniua, na siku ile Amoni alilia akaniambia mama Conjesta nataka kuacha na siwezi, nimejaribu mpaka nimeogopa. Ndipo tukaenda kliniki, kuna daktari dada mmoja kijana anakuja siku zake za kuona watu wenye shida ya pombe.

Mshauri, mimi tangu siku ile si mtu yule yule. Daktari aliniuliza, mama unafanya kazi gani, nikainamisha kichwa nikasema napika kimpumu, nikijua atanisema, lakini yeye akacheka akasema basi leo tutasomea chungu chako. Akasema ndani ya kichwa cha Amoni kuna vitu vidogo sana, huwezi kuviona hata ukipasua, vinaitwa vipokezi. Akasema pombe yenyewe haina raha ndani yake, pombe inakwenda kuuamsha ubongo utoe raha yake wenyewe, ile ile inayotoka ukicheka na ukimkumbatia mtoto, na hiyo raha ikishatoka haiwezi kufanya kitu mpaka ipate kipokezi chake ikae.

Akaniuliza, "Chungu kikijaa na mrija ukaziba, mteja anapata nini?"

Nikasema, "Anavuta mpaka mashavu yanaumana, hapati kitu."

"Basi kidonge hiki kinakwenda kukaa pale ambapo raha ingekaa. Pombe itapita, raha haitapita."

Halafu akasema watu wengine wamezaliwa na mirija inayovuta kwa nguvu kuliko wenzao, wawili wanaweza kukaa chungu kimoja, huyu akaondoka salama, yule akarudi kila siku maisha yake yote. Amoni alikuwa ametazama chini muda wote, akainua uso akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Kwa hiyo daktari, mimi si mtu wa hovyo?" Daktari akamwambia wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wako una mahali unapokaa.

Nilikitazama kile kichwa, mshauri. Kichwa ninachokinyoa mimi mwenyewe kwa wembe, nakijua kila kovu, najua pale alipogongwa na jeki, na sikuwahi kujua kwamba mle ndani kuna milango inafunguka na kufungwa na raha inabisha hodi. Nikajiuliza Mungu alikaa lini akatengeneza vitu hivi vidogo hivyo, na mimi nimekaa napika tu. Mpaka leo nikimwona mtu amekaa amenyamaza kwenye foleni ya malori namtazama kichwa chake nasema jamani, mle ndani kuna shughuli.

Na dawa ikafanya kazi. Jumamosi moja alasiri wateja walikuwa nyuma ya nyumba, yupo na baba mdogo Mbonile, ndugu wa marehemu baba mkwe, huyu alivunjwa mguu na tairi la lori na mpaka leo anameza vidonge vikali vya maumivu alivyoandikiwa hospitali. Daktari alikuwa amesema hata Amoni akiteleza akanywa asiache dawa, sasa siku hiyo akateleza, akakaa na mrija wake. Akavuta. Akautazama mrija. Akavuta tena.

Baba mdogo Mbonile akamwambia, "Vuta mwanangu, au tukuletee pampu yako ya matairi?"

Watu wakacheka. Amoni akasema, "Baba mdogo, hii imekuwa maji ya moto yenye harufu." Akaulaza mrija kwenye ukingo wa chungu, na chungu bado kinatoa moshi, akainuka akaenda kugongelea misumari mlango wa banda la kuku ambao nilikuwa nimemwomba tangu kabla sijajifungua. Mimi niliingia jikoni nikajifunika kanga usoni nikalia na kucheka kwa pamoja. Nje nikamsikia baba mdogo anapiga kelele, "Wewe mkwe! Umemlisha nini mwenetu? Mwanaume anaacha chungu cha moto anakwenda kuongea na kuku?"

Tangu siku hiyo anajiamsha mwenyewe, nati anakaza, madereva wanamtafuta. Ningekuwa na akili ningenyamaza nishukuru. Lakini amekuwa kimya, mshauri. Zamani alikuwa anapiga mluzi, akiwa bado kule barabarani namsikia najua baba anakuja naweka maji ya kuoga. Mluzi umekatika. Conjesta akimtia vidole mdomoni kama wanavyocheza, anatabasamu, lakini tabasamu linachelewa kama lori lililobeba shaba. Juzi nilikuwa namnyoa, akaniambia, "Mama Conjesta, yule daktari alisema raha ya kumkumbatia mtoto inapita kwenye vipokezi hivyo hivyo. Sasa kidonge kinachaguaje? Kama kimenizibia kimpumu, kitajuaje kisinizibie na nyie?" Mimi nilibaki wembe umesimama hewani. Nikamnyoa taratibu tu, nikawa namshika kichwa kama yai.

Sasa balaa lenyewe linakuja. Kijijini kwao kule Momba bondeni wanaweka chungu cha kumkumbuka baba mkwe. Mpishi ni mimi, mke wa mtoto mkubwa, nitavuta mrija wa kwanza, na wa pili ni wa Amoni mbele ya ukoo wote. Amoni anasema siku hiyo hatameza kidonge. Anasema, "Siku moja tu niisikie kama walivyoisikia baba zangu, na nijue kama furaha yangu bado ipo, halafu narudi kwenye dawa." Na macho yake aliposema hivyo yalikuwa yanang'aa, na mimi nimeyakosa yale macho.

Mimi nimegawanyika. Upande mmoja nasema aache kidonge siku hiyo, labda mluzi utarudi. Upande mwingine nawaza nikisage kile kidonge nikichanganye kwenye maji ya moto nitakayomimina kwenye chungu, hakina harufu, hatajua, atavuta ataona ni maji, na aibu ya kulewa mbele ya ukoo itapita.

Nisaidie haraka maana nimechoka sana siku hizi. Jumapili ndiyo mbaya kabisa, siku hiyo sipiki, nakwenda kanisani, kichwa kinagonga, mikono inanitetemeka mpaka kitabu cha nyimbo namwachia jirani ashike, mtoto akilia nasikia hasira za ajabu, nadhani ni uchovu wa wiki unaniangukia. Jumatatu nikishapika na kuwahudumia wateja narudi kuwa mzima. Afadhali Conjesta hanisumbui, siku za chungu akishanyonya analala kama jiwe, ninamshukuru Mungu kwa hilo. Nimsagie au nimwachie aache? Nampenda sana mume wangu, na naamini tutajenga.

Mama Conjesta, Tunduma

*

Mama Conjesta mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikatabasamu, mara ya pili nikavua miwani. Kisha nikampelekea daktari ninayemwamini, kwa sababu mambo mengine mshauri hatakiwi kujibu kwa kichwa chake peke yake. Ninayokuandikia hapa tumeyapitia naye.

Nianze na chungu, kwa sababu hapo umenitisha. Usisage kitu! Hata chembe. Chungu kile si cha Amoni, ni cha ukoo, na mrija mmoja kati ya mirija yake ni wa baba mdogo Mbonile, ambaye umeniandikia mwenyewe kwamba anameza vidonge vikali vya maumivu. Vingi vya aina hiyo vinafanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi hivyo hivyo ambavyo dawa ya Amoni inaviziba. Ukimzibia ghafla mzee ambaye mwili wake umezoea vidonge vile, anaweza kutapika, kutetemeka, kuteseka mpaka mkimbizane naye hospitali kutoka huko bondeni, na hakuna atakayejua amepatwa na nini isipokuwa wewe. Wangesema mkwe katia sumu, na safari hii wangekuwa karibu na ukweli. Mzee mwenyewe naye, vidonge hivyo pamoja na kimpumu vinaweza kumzimisha pumzi usingizini. Mwambie hilo, hata kama atakurudishia utani wa pampu. Na Amoni ni mtu mzima, alikwenda kliniki kwa miguu yake, akalia kwa macho yake. Dawa aliyoichagua mwenyewe mchana usije ukamnywesha kwa siri. Siku atakayogundua, hatakuamini hata na uji.

Sasa swali lake, lile lililosimamisha wembe wako. Ni swali kubwa, nami nilimsomea daktari wangu kama lilivyo. Akasema kidonge hakina macho, hakichagui. Wapo wachache wanaokitumia wakahisi dunia imepoa, na wapo wengi wasiohisi hivyo kabisa. Lakini mapenzi hayapiti kwenye mrija mmoja. Ubongo una vipokezi vya aina nyingi na njia nyingi za kufikia furaha, na kimpumu kilikuwa kimejizoesha kupita kwa fujo kwenye moja. Halafu fikiri, mtu aliyekaa miaka na ngoma kubwa sikioni, ngoma ikinyamaza hasikii ndege. Ndege wapo. Sikio linahitaji muda. Huenda ukimya wake ni wa dawa, huenda ni wa mwili unaojifunza upya kuishi bila pombe, huenda ni huzuni ya kweli inayotaka tiba yake. Wewe huwezi kujua na mimi siwezi kujua. Anayemwandikia dawa anaweza kupima na akabadilisha. Mwambieni habari ya mluzi. Ndiyo, mluzi! Usiseme "amekuwa kimya tu." Sema alikuwa anapiga mluzi na sasa hapigi. Daktari mzuri ataiandika hiyo.

Na nikwambie jambo moja wewe mwenyewe uliloliandika ukalipita. Mwanaume ambaye mapenzi yamemzimikia haulizi kama dawa itamzimia mapenzi. Hana habari nayo. Aliyekaa chini ya wembe wako akauliza kwa hofu kama atawapoteza, huyo bado anawapenda, na anawapenda kwa kichwa kile kile ulichokuwa umekishika kama yai.

Kuruka kidonge siku ya chungu, hapana. Kiu inaweza kurudi na nguvu kuliko alivyoiacha, na mbele ya ukoo unaomhesabia kila mvuto hatapata mtu wa kumwambia inatosha. Kama anataka kujua furaha yake ipo, asiitafute mle alimoipotezea.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini barua yako ina mgonjwa mwingine, na hukumwona.

Unasema si mnywaji, unaonja tu. Mrija wa kwanza wa kila chungu, na kila maji ya moto yakiongezwa tena, mpaka koo licheze. Siku nzima, wiki nzima, isipokuwa Jumapili. Na Jumapili kichwa kinagonga, mikono inatetemeka, hasira zinakupanda kwa mtoto unayempenda. Jumatatu unapika na "unarudi kuwa mzima." Mwanangu, ule si uchovu wa wiki. Ule ni mwili unaodai ulichouzoesha. Umekitazama kichwa cha mume wako kwa mshangao mpaka ukasahau kwamba na wewe una kichwa, na mle ndani kuna milango ile ile. Desturi inaita kuonja. Ubongo haujui neno hilo. Unachojua ni kwamba imefika.

Na Conjesta halali kama jiwe kwa kubarikiwa. Pombe unayovuta inapita kwenye maziwa. Sikusemi ili ulie, maana najua sasa hivi umeshamshusha mgongoni unamtazama. Mtazame, mbusu, kisha fanya hivi.

Kesho asubuhi, usisubiri chungu cha baba mkwe, nenda kliniki na mtoto. Wapime uzito wake, waambie analala vipi. Maziwa usiyakatize mwenyewe, waulize wao, ila usimnyonyeshe ukiwa umetoka kuvuta mrija. Pombe nayo usiikate ghafla peke yako nyumbani, kwa sababu mikono yako inatetemeka tayari, waache wakuongoze. Ikitokea umetokwa na jasho jingi, umeona visivyokuwepo au umeanguka kifafa, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Vidonge vya Amoni usiviguse. Ni vyake, na wewe unanyonyesha.

Biashara yako si adui yako, mrija wa kwanza ndio adui. Kama chungu kisichoonjwa na mpishi hakinywewi, basi apike anayeweza kuonja, na wewe uwe wa uji na togwa na chapati kwa hao madereva wanaokuita bamayo. Wenye njaa ni wengi kuliko wenye kiu kwenye foleni ile.

Kwa mama mkwe nenda mapema, ukae naye jikoni, umweleze kama daktari alivyokueleza, kwa chungu na mirija. Amepika kimpumu maisha yake yote, ataelewa upesi. Mwambie mwaka huu mkwe ananyonyesha na hawezi kuonja, apike wifi. Na kando ya chungu kikubwa, wekeni chungu kidogo cha togwa isiyolevya, chenye mirija miwili. Amoni akae pale alipokaa baba yake, avute mbele ya wote, bila kuficha. Mbonile atapiga kelele. Mwache apige.

Halafu siku ya kliniki ya Amoni mwende pamoja. Safari iliyopita ulikaa pembeni, ukainamisha kichwa, ukashangaa kichwa cha mwenzako. Safari hii kaa kwenye kiti cha mbele, na daktari akianza kumwuliza mume wako habari zake, mguse huyo daktari mkono umwambie, "Dada, leo anza na changu."

Wako,
Bi Mwanamvita